Njugu za Kufumba Macho

Mwezi uliopita nilikabidhi reki yangu, na wenzangu wa Kikundi cha Tifutifu wakaniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijaanza kuyasahau. Wamekosea jambo moja tu: mimi sisahau. Hata hivyo nimekubali, kwa sababu waliojiunga juzi hawajui kwa nini kitu kichache cha kugawana tunakiita kitu "cha kufumba macho", wala kwa nini kona moja ya kila shamba letu la njugu huachwa bila kuchimbwa. Kuna mmoja aliyeniambia usoni kwamba ile kona ni uvivu. Haya, akae chini asome.

Nianze na mimi mwenyewe, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Nilizaliwa Kachibora, kwa watu wa mahindi. Nilibeba matofali Kibomet mpaka nikajilipia nauli, nikaenda Ghuba, na huko nikatunza bustani za hoteli kwa miaka mingi. Wageni walipiga picha juu ya nyasi zangu, mahali ambapo mvua ni kitu cha kusimuliwa. Jioni nilisoma. Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono. Nilipata diploma ya kilimo cha bustani kwa macho yangu mekundu, na leo imo sebuleni kwangu, mkabala na mlango, ili mgeni asihangaike kuitafuta.

Niliporudi Kitale ulikuwa mwezi wa pili, na vumbi lilikuwa limekaa juu ya majani ya migomba. Jumamosi ya kwanza nilienda Kibomet, nyuma ya kanisa, ambako watu wa kujitolea walikuwa wakitayarisha bustani ya mboga za kienyeji. Aliyekianzisha kikundi ni Mama Chelagat, muuguzi aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Nilijitambulisha inavyopaswa: jina, nchi, hoteli, diploma. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wenzake.

"Simameni mwone! Tumepata diploma!"

"Diploma ya nini?" akauliza mmoja ambaye hata hakuinua mgongo.

"Ya bustani. Sasa sukuma wiki yetu itasalimia watu kwa Kizungu."

Tangu siku hiyo naitwa Diploma. Mwingine angelikataa. Mimi nililivaa jina hilo kama koti, na halijanibana.

Nikapewa jembe la meno. Huko nilikotoka udongo tuliletewa kwa lori. Ukichimba kidogo tu unakutana na mchanga unaokucheka. Kibomet nilichimba hadi kwenye goti na udongo ukawa bado uleule, mwekundu mzito kama ugali wa wimbi, bado unanukia. Nilidhani nimeangukia shimo la takataka la mtu. Nikasogea, nikachimba mahali pengine. Uleule. Nilisimama na jembe mkononi nisiweze kusema kitu, na wanaonijua wataelewa hilo ni jambo la aina gani. Nilikuwa nimezaliwa juu ya udongo huu, na sikuwa nimewahi kuuona.

Mama Chelagat ndiye aliyenifunza majira ya hapa, na ninyi mnaobaki msiyachezee. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuchimba na kuingiza samadi iliyooza vizuri. Samadi ikiwa bado moto ukiishika, irudishe kwenye lundo, haijawa tayari. Mwisho wa Februari tengeneza kitalu cha managu na uvute kivuli cha nyasi juu yake. Mboga za saga na mrenda hazitaki kitalu. Zimwage moja kwa moja mvua ya Machi ikishakaa, mbegu ukiwa umezichanganya na mchanga mkavu, la sivyo zitaota zote mahali pamoja kama watu waliosikia kuna unga wa bure. Juni na Julai Kitale ni baridi na ukungu, kwa hiyo nyanya zisizo na paa utazizika tu. Agosti kuna mvua ya mawe, hasa ukielekea Cherangany. Usipandikize kitu laini wiki hizo hata kama jirani anapandikiza. Desemba funika udongo kwa mabua. Maji ya kuoshea mboga yasimwagwe njiani.

Baada ya misimu kadhaa tukafungua tawi upande wa Bungoma, nje kidogo ya mji, kwenye kipande cha ardhi kando ya nyumba ya Wafula. Mimi nikawa mratibu wa pande zote mbili, kwa sababu ambazo nadhani ziko wazi. Wafula, mwenyekiti wa tawi, ni fundi baiskeli. Ndiye aliyetutengenezea vile vipalilio vidogo kwa uma za baiskeli kuukuu, vyenye meno mawili. Huko Ghuba nilitumia vifaa vilivyofika ndani ya maboksi yenye picha, lakini hakuna nilichokipenda kama kipalilio cha Wafula. Changu ninacho hadi leo. Hicho sikukabidhi.

Sasa, kuna jambo la lugha. Upande wa Bungoma herufi l na r hubadilishana viti bila kuaga. Mtu anakuambia "kalibu chakura" na wewe unakaa unakula, hakuna linaloharibika. Nilifanya kazi nao muda mrefu bila lugha kutukosanisha, hadi ulipofika mwaka wa njugu mawe.

Njugu mawe ni zile za mviringo, ngumu, zinazochemshwa na kutafunwa. Siku hizi unaziona sokoni kwa nadra. Lakini Mama Nafula, mjane aliyekuwa jirani ya Wafula, alikuwa na aina yake: nyeusi zenye madoa, na penye kitovu kuna jicho jeupe kabisa. Alikuja nazo alipoolewa, na mama yake alikuwa amezipata vivyo hivyo. Kwao msichana haendi kwa mume bila mbegu ya nyumbani. Mashamba ya jirani yalipogeuka kuwa miwa, wengine wote waliachana nazo. Zikabaki kwake peke yake.

Mwaka huo goti lake lilikataa kuinama. Akatuletea mkebe wa njugu zake zote, akauweka mezani kwa Wafula, akatuambia shida yake bila kuzunguka. Mjukuu wake Naliaka alikuwa anaolewa Desemba. Kikundi kipande njugu, kivune, kijaze mkebe wa bibi arusi kwanza, halafu kitakachobaki ni chetu.

Mbegu hazikutosha kila mwanachama. Kwetu kitu kisichotosha kilipigiwa kura: punje za mahindi meupe zinatiwa kwenye chungu, katikati yake punje chache nyekundu, chungu kinafunikwa kitambaa, unafumba macho unachota. Mwenye nyekundu anapata. Hakuna wa kulalamika, ila kwa Mungu.

Nilikuwa Kitale, kwa hiyo nilimpigia Wafula simu. Naandika maneno yenyewe, kwa sababu yamebishaniwa sana.

"Mwenyekiti, zile njugu za Mama Nafula, waambie wanachama ni za kura. Jumamosi."

"Za kura?"

"Za kura. Hebu rudia nisikie."

"Njugu ya Mama Nafula ni ya kura, Jumamosi."

"Vizuri sana."

Mnaona? Sikutuma agizo nikakata simu. Ughaibuni nilizoea kuhakikisha mtu amerudia agizo ndipo nimwachilie, na Wafula alirudia bila kukosea hata herufi moja.

Jumamosi nilifika nikakuta watu wamekaa kwa duara, chai imemiminwa, na katikati sufuria inatoa moshi. Wafula alinivutia kiti chenye mgongo, nikapewa bakuli. Nilikula. Siwezi kuwaficha: zilikuwa na utamu ambao sijaukuta tena, kama chestnati, zile kokwa za Kizungu za hotelini, lakini zenye adabu zaidi. Nikasema mbele ya wote kwamba huu ndio ukarimu ninaoutangaza huko Kitale, nikaomba kuongezwa, nikaongezwa. Kisha nikapangusa mikono.

"Haya, tuanze kazi. Mkebe wa Mama Nafula uko wapi?"

"Ule pale, Diploma," akasema katibu, dada mmoja mchangamfu. Mkebe ulikuwa umeoshwa na kuinamishwa juani.

"Sisemi mkebe wenyewe. Nauliza njugu."

"Njugu si ndiyo hiyo umemaliza?"

Niliweka bakuli chini. "Wafula! Nilisema ni za kura!"

"Ndiyo, za kura," akasema Wafula, "na tumekura. Niridhani umepata mbegu ingine huko Kitare. Wewe mwenyewe umeongezwa."

"Kura, Wafula! Kura! Ya kufumba macho!"

"Sasa mtu akure njugu akifumba macho kwa nini, bana? Ni dawa?"

Mtu mmoja alicheka, halafu akaona nyuso za wengine akainamia kikombe chake. Wafula alinitazama, akatazama sufuria, na nikaona neno likigeuka ndani ya kichwa chake kama ufunguo. Alikaa chini polepole. "Mayi wee," akasema. "Ati kura."

Wakati huo Mama Nafula akaingia langoni na fimbo yake. Alikuwa amekuja kutazama mbegu zake zikigawiwa. Alisimama penye sufuria. Zilikuwa zimebaki chache chini, kwenye maji. Akaokota moja, akaigeuza mpaka akaona jicho lake jeupe, akaitia mdomoni, akatafuna. Hakuna aliyethubutu hata kuweka kikombe chini.

"Chumvi imetosha," akasema.

Kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa Naliaka atabeba nini?"

Nimeshughulika na magonjwa ya nyanya, na meneja wa hoteli aliyetaka waridi zichanue kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Swali hilo lilikuwa gumu kuliko hayo yote.

Wiki iliyofuata tuligawana masoko. Wafula alizunguka Bungoma, mimi nikapita Kachibora na mji uitwao Kwanza. Tulipata njugu mawe, ndiyo; rangi ya maziwa na rangi ya kahawia, nzuri, nzito. Tulimpelekea Mama Nafula kwenye ungo. Alizipitishia vidole kwa heshima.

"Hizi ni watoto wa watu," akasema. "Wamelelewa vizuri. Lakini si wetu."

Hapo ndipo diploma yangu ilipofanya kazi yake. Wengi wanafikiri elimu ni ya kuning'iniza ukutani tu. Nilijua kwamba njugu mawe huzaa chini ya ardhi, na kwamba mvunaji mwenye haraka huacha nyingi udongoni. Nikamuuliza Mama Nafula mwaka uliopita alipanda wapi na nani alivuna.

"Kule chini karibu na mto. Goti lilikuwa limeanza, nikatafuta vibarua."

"Walivuna vizuri?"

"Walivuna kama watu wanaokimbia mvua."

Sijawahi kufurahia uvivu wa watu wengine kama siku hiyo. Nikawaeleza wanachama kuhusu maotea, ile mimea inayojiotea kwa mbegu zilizobaki shambani msimu uliopita. Hakuna aliyeipanda, hakuna aliyeialika, hakuna anayeilipa. "Kama sisi tu," akasema katibu. Kama mle ardhini kulikuwa na njugu zilizosahauliwa, mvua ya Machi ingeziita.

Tatizo lilikuwa Barasa, mwana wa Mama Nafula na baba yake Naliaka. Shamba lile alilitaka kwa miwa, na trekta ilikuwa imeshaagizwa. Trekta ikipita, njugu zilizosalia zingefukiwa chini mno zisiote kamwe. Tulimkuta ameshika kamba ya kupimia.

"Mwalimu," akaniambia, "trekta haijui njugu."

"Nipe mpaka mvua inyeshe."

"Mvua gani? Siku ya mvua hata askofu hawezi kuniambia."

"Mimi nitakuambia. Nimeisomea."

"Ulisomea mvua huko jangwani?"

Wafula aliyekuwa nyuma yangu alikohoa kuficha kicheko, halafu akapita mbele, kofia mkononi. "Barasa, ndugu yangu, mimi ndiye niripika. Na bibi arusi anayengoja mkebe ni binti yako, si wetu. Rima shamba lote. Tuachie ile kona ya mto pekee, pale mama alipandia njugu. Mashimo ya miwa ya hiyo kona tutakuchimbia na mikono yetu baadaye."

Barasa alitazama upande wa nyumbani, ambako mama yake alikuwa amekaa mlangoni akijifanya hatusikii. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Nyasi ikifika hapa, naingia na trekta. Mkiona njugu kabla haijafika, kona ni yenu. Ikifika, mtanisamehe."

Mshukuru Mungu kwa wanaume warefu.

Mvua ilichelewa. Nilikuwa nimetaja siku yake, na sitaitaja hapa, kwa kuwa mawingu yalikuwa na shughuli nyingine. Ilipokuja ilikuja yote pamoja, ile mvua ya Bungoma ambayo unaisikia ikitembea kwenye mabati ya jirani kabla haijafika kwako, na asubuhi yake nyasi ziliamka kama zilikuwa zimejificha zikingoja. Wiki ya kwanza zilifika kwenye kifundo cha Barasa. Hatukuweza kupalilia kwa jembe wala kwa kipalilio, maana chuma hakichagui. Kingefyeka nyasi na njugu pamoja. Na kama tusingeng'oa nyasi, zingefika gotini.

Kwa hiyo tulipiga magoti. Wanachama wote wa Bungoma, na wa Kitale waliokuja na Mama Chelagat, tulijipanga mstari mmoja kutoka mtoni tukang'oa nyasi kwa vidole, jani moja moja, tukitazama kilichobaki. Mama Nafula aliwekewa kiti cha plastiki pembeni akiwa na mwavuli. Niliwaonyesha cha kutafuta: majani matatu membamba, yamesimama juu ya kikonyo kirefu kilichonyooka, yakitoka moja kwa moja ardhini. Kila baada ya muda mtu aliinua kitu.

"Mama, ni hii?"

"Hiyo ni maharagwe."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya mbuzi. Mpe mbuzi."

Jua likapanda. Tulifika nusu ya kona hatujaona kitu. Barasa alikuja akasimama pembeni, miguu yake ikiwa ndani ya nyasi ambazo hatujazifikia. Zilikuwa zimepita katikati ya muundi. Akapima kwa kiganja kutoka ncha za nyasi hadi gotini.

Nilipogeuka nikamwona Wafula amelala kifudifudi, shavu kwenye tope.

"Wafula! Umeanguka?"

"Nyamaza, Diploma. Kuja uone."

Mbele ya pua yake kulikuwa na majani matatu membamba, yamesimama wima, yakiwa bado na tone la maji. Nilisema yaweza kuwa njugu mawe, yaweza kuwa gugu linalofanana nayo. Wafula hakubishana. Kwa ncha ya kidole, kidole kile kinachotafuta tundu la pancha kwenye tyubu, aliondoa udongo kando ya shina, chembe kwa chembe, mpaka tukaona mbegu yenyewe. Njugu mawe haiinui mbegu yake juu kama maharagwe, huiacha chini. Ilikuwa imepasuka, imekunjamana, nusu yake imeoza. Lakini ganda lilikuwa jeusi lenye madoa, na juu yake jicho jeupe lilikuwa linatutazama.

Kiangazi chote kile lilikuwa mle ndani. Mbuzi walikuwa wamepita juu yake, vibarua walikuwa wamelikanyaga, sisi tulikuwa tumekula ndugu zake kwa chumvi. Nimeona chemchemi za maji zinazocheza muziki mbele ya majumba marefu, na hakuna hata moja iliyonifanya nivue kofia. Nilivua pale.

"Kukhu aje aone," katibu akasema, akimwita Mama Nafula kwa jina la nyanya. Goti halikumruhusu kutembea kwenye tope, basi watu wawili wakakibeba kiti na yeye juu yake, mwavuli bado umefunguliwa, wakamshusha karibu. Aliinama kadiri alivyoweza. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyo ni wetu," akasema.

Baada ya hapo macho yalizoea, na mmoja baada ya mwingine tukaanza kuipata miche mingine, huku na kule, mahali ambapo hakuna mstari wala nafasi iliyopimwa. Kila mche tuliuwekea kijiti. Hatukuhamisha hata mmoja, na ninyi msijaribu, kwa sababu mzizi wake mkuu haupendi kuguswa. Barasa alivitazama vile vijiti, akamtazama mama yake juu ya kiti katikati ya shamba kama malkia aliyepotea njia. Akatoa ile kamba yake ya kupimia miwa, akaizungushia kona yote, akaondoka. Nyasi za kando ya mto, nje ya kamba, zilipita goti lake. Trekta haikuingia.

Nieleze sasa jambo ambalo hata darasani nililisoma kwa haraka, nikajibu mtihani na kusonga mbele. Njugu mawe hutoa ua dogo la njano hafifu chini kabisa ya mmea. Ua likishafunga, shingo yake hurefuka, huinama, husukuma ardhi na kujizika, na mtoto hukua gizani. Nililala kwenye tope la Bungoma, mtu wa umri wangu na cheo changu, nikalitazama ua likiingia ardhini kwa hiari yake. Wafula alikuwa upande wa pili wa mmea huohuo. Alinyoosha mkono tu akalilegezea udongo kidogo mbele yake, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Hiyo ndiyo kazi: maua yakianza kuonekana, pandishia udongo laini kwenye shina. Ukichelewa, ua litasukuma ardhi ngumu na kuchoka.

Majani yalipogeuka manjano tulivuna kwa mkono. Mkebe ulijaa hadi shingoni, na kidogo kikabaki. Wanachama walitaka kupekua kila sehemu wasiache hata moja, lakini nilikataa. Nilitangaza sheria, na sheria hii ni yangu, iandikwe hivyo: kona moja ya shamba la njugu isichimbwe, mwaka wowote, hata kama mvunaji ana nguvu na muda. Mikebe huwa inapikwa. Ardhi haijawahi kupokea simu yangu vibaya.

Na siku hiyohiyo neno kura lilifukuzwa kikundini. Katibu ndiye aliyependekeza: mbegu za kugawana ziitwe za kufumba macho, na za kuchemsha ziitwe za kufungua mdomo. Wafula alijaribu maneno yote mawili kwa sauti, akaona hayana mtego, akapiga makofi.

Desemba Naliaka aliolewa na kijana wa Kwanza. Zamu ya zawadi ilipofika, Mama Nafula alisimama na fimbo, akautia mkebe mikononi mwa mjukuu wake. Mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye spika kubwa na suti ya kubana, alichungulia ndani.

"Na nyanya ameleta njugu za kula, jameni! Bwana arusi, leo hulali njaa!"

"Si za kura!" Wafula alikuwa ameshasimama juu ya benchi. "Wewe kijana! Si za kura! Ni za kupanda!"

Wageni wa Kwanza hawakuelewa kwa nini meza nzima ya wakulima ilicheka hadi kulia. Naliaka hakucheka. Aliuziba mkebe kwa kiganja, akaukumbatia juu ya gauni jeupe, na hakuuweka chini hata wakati wa kukata keki. Baadaye alinifuata kuniuliza la kufanya, jambo ambalo nililiona la busara. Nikamwambia ukweli: kule Kwanza kuna baridi kuliko Bungoma, kwa hiyo azipande upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, asizirushie samadi nyingi, majani yatanenepa na ardhini kutakuwa kutupu. Nimezipitia mara kadhaa tangu hapo. Ziko chini ya dirisha la jikoni, na kona moja haijachimbwa.

Basi, siku yangu ya kuondoka. Tulikutana Kibomet, nyuma ya kanisa, mahali nilipopewa lile jembe la kwanza. Mama Chelagat alinisifu, ingawa aliacha mambo kadhaa. Wafula alikuja, na Barasa alimleta mama yake kwa pikapu, kiti cha plastiki kikiwa nyuma. Walikuwa na mbegu za mwaka huu za kugawia wanachama wa Kitale, na kwa kuwa hazikutosha, chungu kilitolewa kikafunikwa kitambaa. Nikaambiwa nianze mimi, kwa heshima. Nilifumba macho nikachota kwa kujiamini.

Nilipofumbua, punje kiganjani mwangu ilikuwa nyeupe.

Nilisema labda nilichota kabla chungu hakijatikiswa vizuri. Nikakumbusha, kwa upole, ni nani aliyezungumza habari za maotea kwanza, na ni nani mwenye diploma. Wafula alitazama mawingu. Mama Nafula alingoja nimalize, kisha akamwita katibu, ambaye alitoa bakuli lililofunikwa kutoka chini ya meza.

"Diploma, mwanangu," akasema, "zako ni za kufungua mdomo."

Nikafunua. Zilikuwa bado na joto. Nilichukua moja, nikaigeuza hadi nikaona jicho lake jeupe, tukatazamana. Kisha nikafungua mdomo, nikala polepole, moja baada ya nyingine.

Chumvi ilikuwa imetosha.